Umeme Ukirudi, Printa Iko Wapi?

Ukitaja anwani ya IP ya kudumu, yaani namba isiyobadilika inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, wengi hudhani unazungumzia huduma ya kulipia inayouzwa kwa mabenki na makampuni ya mjini. Ipo anwani ya namna hiyo, na kweli inalipiwa. Ninayoizungumzia hapa ni nyingine: ile ambayo mwenye ruta huipangia kompyuta yake mwenyewe, bure, kwa dakika chache, na ambayo haina kazi nje ya nyumba yake. Hoja yangu ni kwamba anwani hii ina manufaa makubwa zaidi Ipililo, kata ya wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, kuliko Masaki kule Dar es Salaam. Tumezoea kufikiri kinyume, kwamba habari za mitandao zina maana pale tu penye intaneti ya kasi na vifaa vingi. Lakini anwani inayobadilika haimsumbui mtu ambaye umeme wake haukatiki na ambaye picha, nyaraka na filamu zake zote ziko kwenye seva za ng'ambo. Humsumbua yule ambaye ruta yake huzimika mara kwa mara, ambaye bando lake huisha kabla ya mwezi, na ambaye kwa sababu hizo hizo anahitaji vifaa vyake vizungumze vyenyewe kwa vyenyewe.

Itifaki ya IP iliyochapishwa mwaka 1981 ilitoa nafasi ya anwani bilioni 4.3 hivi kwa dunia nzima, na kabla ya karne kwisha ilikuwa wazi kwamba hazitatosha. Kufikia mwaka 1996 yalikuwa yametengwa mafungu matatu ya anwani za ndani, ambazo yeyote anaweza kuzitumia kwake bila kuomba ruhusa. Zinazojulikana zaidi ni zile zinazoanza na 192.168. Ndiyo maana ruta ya Ipililo na ruta ya Oslo zinaweza zote kujiita 192.168.1.1 na zisigongane. Nani apewe namba gani ndani ya nyumba ni kazi ya DHCP, utaratibu uliotoka mwaka 1993 na kuandikwa upya mwaka 1997. Simu ikiingia kwenye waifai hupaza sauti kuuliza kama kuna mgawaji, ruta hupendekeza namba, simu huiomba rasmi, ruta huithibitisha. Baada ya ujumbe huo wa nne simu ina anwani, ila ni ya kupanga, yenye muda wake, mara nyingi saa 24, na muda ukifika nusu simu huomba kuongezewa. Ni mambo ya gulio: anayewahi huchukua nafasi. Mwenye nyanya akihama wiki ijayo si neno, utanunua kwa mwingine. Fundi uliyemwachia viatu akihama, utazunguka gulio zima. Simu ni mwenye nyanya. Printa, na kompyuta yenye mafaili yanayofuatwa na wengine, ndiye fundi viatu.

Chukua nyumba yenye steshenari chumba cha mbele: kompyuta moja ya mezani, printa ya waifai, simu tatu nne za familia. Printa imepewa 192.168.1.101 na kompyuta imeikariri hivyo. Umeme unakatika. Ruta nyingi za bei nafuu huweka orodha ya waliopangishwa kwenye kumbukumbu inayofutika zikizimika, kwa hiyo umeme ukirudi ruta huamka haijui ilimpa nani nini. Simu zina betri, ziko tayari. Printa bado haijawashwa. Simu ya mgeni, isiyowahi kuingia humo, inaomba namba. Ruta makini huulizia kwanza kama 101 ina mwenyewe, lakini printa iliyozimwa haijibu, basi simu inapewa. Printa ikija kuwashwa inaidai namba yake ya zamani, inakataliwa, inapewa 104. Kompyuta inaendelea kupeleka kazi kwenye 101, kwenye simu ya mgeni, isiyojua kuchapa chochote, na kioo kinaandika kwamba printa haipo, huku iko pale pale mezani, taa ya kijani inawaka na karatasi zimejaa. Mteja aliyefuata nakala za cheti cha kuzaliwa anaambiwa mtandao unasumbua. Kuna wanaokimbilia kununua bando jipya ili kutibu ugonjwa usiohusiana kabisa na intaneti.

Suala la bando linapeleka hoja mbele zaidi. Mtandao wa ndani haukatiki bando likiisha. Ruta ikiwa na umeme, vifaa vyote vinaendelea kuonana. Ipo programu ya bure iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa kwa ajili ya shule na familia zisizo na intaneti: kompyuta moja hubeba video za masomo, vitabu na mazoezi, na mwanafunzi hufungua kivinjari cha simu yake akaandika anwani ya kompyuta hiyo ikifuatiwa na namba 8080. Anwani hiyo ikibadilika, masomo yote yapo lakini hayafikiki, na mtoto wa darasa la sita hawezi kubahatisha namba mpya kati ya 254 zinazowezekana. Serikali nayo imelazimika kulizingatia hili. Mfumo wa GoTHOMIS, uliobuniwa kwa ajili ya hospitali na vituo vya afya vya umma Tanzania, umefanya kazi katika vituo vingi kwa kuwekwa kwenye seva iliyo hapo hapo kituoni, huku kompyuta za mapokezi, maabara na dirisha la dawa zikiifikia kwa mtandao wa ndani. Hakuna fundi mwenye akili timamu anayeiacha seva kama hiyo ipate anwani kwa bahati nasibu.

Sasa, ipangwe wapi? Njia inayofundishwa sana ni kuingia kwenye mipangilio ya kompyuta yenyewe na kuandika kila kitu kwa mkono: anwani, namba inayoonyesha mpaka wa mtandao (kwa kawaida 255.255.255.0), anwani ya ruta na ya seva ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Siipendi. Ruta haina habari na ulichoandika, na inaweza kumpa mwingine namba ile ile. Na kompyuta mpakato iliyofungwa hivyo ikipelekwa Bariadi kwenye waifai ya watu wengine, huenda isipate intaneti na mwenyewe asijue kwa nini. Njia bora ni kuingia kwenye ukurasa wa ruta na kuiagiza kwamba kifaa chenye anwani fulani ya MAC, ile alama ya herufi na namba 12 ya kadi ya mtandao, kipewe namba ile ile siku zote. Kompyuta inaendelea kuomba kama kawaida. Ruta ndiyo inayokumbuka, na agizo hili, tofauti na orodha ya waliopangishwa, halifutiki umeme ukikatika. Ila kama kifaa kinachopangiwa ni simu, angalia kwanza: tangu Android 10 ya mwaka 2019, simu nyingi hujitengenezea MAC ya bandia kwa kila mtandao, na hiyo bandia ndiyo ya kuandikisha. Zipo pia ruta ndogo za laini ya simu zisizo na nafasi ya agizo hilo. Hapo kuandika kwa mkono hakuepukiki, mradi namba uchague nje ya fungu ambalo ruta hugawa. Ikigawa kuanzia 100 hadi 199, printa na ikae 50.

Mjuzi atasema haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi kifaa hutafutwa kwa jina linaloishia na .local, namba ikibadilika itakavyo. Ni kweli kwa kompyuta nyingi na printa mpya. Lakini simu za Android zilichelewa kuyaelewa majina hayo, hadi toleo la 12 hivi, na simu zinazozunguka mikononi mwa watu vijijini nyingi ni za zamani au za mitumba. Wengine wana hofu kwamba namba isiyobadilika humrahisishia mwizi. Anwani ya 192.168 haipitishwi kwenye intaneti, na aliyekwisha kuingia kwenye waifai yako anaweza kuzikagua namba zote 254 kwa muda mfupi. Cha kulinda ni nywila ya waifai na ile ya ruta yenyewe, ambayo wengi wameiacha kama ilivyotoka kiwandani.

Pingamizi lenye uzito ni la anayetaka kuifikia kompyuta yake ya Ipililo akiwa Mwanza. Anwani ya ndani haimsaidii. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa kutumia fungu linaloanza na 100.64 lililotengwa mwaka 2012, kwa sababu anwani za nje zimeadimika. Akiba kuu ya dunia iligawiwa ikaisha Februari 2011. Anayehitaji kuifikia kutoka mbali ataiweka kompyuta yenyewe ifungue njia ya siri kwenda kwenye seva iliyo nje, naye apitie huko, na kila megabaiti itakayopita italila bando la nyumbani.