Fahamu: Safari ya mwanadiplomasia hadi kuwa balozi
Nchini Tanzania balozi huteuliwa na Rais, ingawa mwanadiplomasia wa taaluma, yaani aliyekulia katika utumishi wa wizara, huanza akiwa ofisa wa mambo ya nje na kupanda ngazi kwa miaka mingi. Uteuzi pekee hautoshi, kwani kwa mujibu wa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, nchi mwenyeji hutoa kwanza ridhaa yake, na inaweza kumkataa mteule bila kueleza sababu. Akikubaliwa, ndipo huwasilisha hati za utambulisho, barua ya Rais inayomthibitisha kuwa mwakilishi wake. Safari hiyo inaweza kuendelea hata baada ya ubalozi: Liberata Mulamula, balozi wa Tanzania nchini Marekani kuanzia 2013 hadi 2015, aliteuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 2021.