Meza ya jikoni: Ni kuukuu au ni ya kale?

JE, msomaji, umewahi kujiuliza ile meza ya mbao iliyotupwa stoo ina umri gani? Katika familia nyingi mjini, meza kama hiyo huuzwa kwa bei ya kuni siku ya kuhama nyumba. Wapo nao wauzaji ambao huichukua meza mpya, wakaipigapiga kwa mnyororo, wakaipaka rangi ya kahawia na kuiuza kama kitu cha kale kwa maelfu ya shilingi. Asiyejua hupunjika mara mbili: anapouza na anaponunua.

Kwanza fahamu kwamba meza ya kazi si meza ya kulia chakula. Huko Uingereza, katika karne ya 19, meza ya jikoni aghalabu iliundwa kwa mbao za msonobari. Miguu yake ilipakwa rangi lakini sehemu ya juu iliachwa wazi, kwa sababu ilisuguliwa kila mara kwa brashi, maji na magadi. Ndiposa meza halisi ya aina hii huwa imepauka juu, na mistari ya mbao imeinuka kidogo ukiipapasa.

Marekani nako kulikuwa na meza ya mwokaji, iliyopendwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Chini yake ina droo mbili kubwa zenye tumbo la mviringo, moja ya unga na nyingine ya sukari au unga wa aina nyingine. Umbo hilo halikuwa pambo. Droo isiyo na pembe humwezesha mpishi kuchota unga wote bila kubakisha chochote.

Hapa kwetu, wakati wa ukoloni, mafundi, wakiwemo Wahindi wengi, waliunda samani kwa mvule. Meza ya mvule utaitambua kwa uzito wake na rangi ya hudhurungi inayozidi kukolea kadiri miaka inavyosonga. Mchwa nao huiogopa.

Pindua meza uichunguze

Usidanganywe na sura ya juu. Chukua tochi, vuta droo na uchungulie chini.

Tazama alama za msumeno. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka, lakini isiyo sawasawa. Msumeno wa mviringo, ambao ulienea viwandani katika karne ya 19, huacha alama zilizopinda kama upinde.

Kagua pembe za droo. Mbao zikiwa zimeshikana kwa meno yenye umbo la mkia wa njiwa, na meno hayo hayalingani, huenda yalikatwa kwa mkono. Yakiwa yanalingana yote, hiyo ni kazi ya mashine.

Angalia skrubu pia. Kabla ya miaka ya 1840, skrubu nyingi hazikuwa na ncha kali. Zile zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea baada ya Henry Phillips wa Marekani kupata hataza mwaka 1936. Hata hivyo, usikate shauri kwa skrubu moja, kwani yawezekana iliwekwa wakati wa ukarabati. Dalili moja haitoshi. Tafuta tatu au nne zinazokubaliana.

Mwisho, pima uchakavu. Meza iliyotumika huchakaa pale mikono ilipogusa: ukingo wa mbele, chini ya droo na mahali ambapo kisu kilikatia. Makovu yakisambaa kila pahali kwa usawa, hata nyuma kusikofikiwa na mtu, shuku mkono wa mlaghai.

Tahadhari kuhusu rangi

Ukishaitambua meza yako, usikimbilie msasa. Kuparuza uso wake kabisa hufuta ushahidi wa umri na hushusha thamani yake. Isitoshe, rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Vumbi lake ni sumu, na huathiri zaidi ubongo wa watoto wadogo. Kamwe usiikwangue rangi kuukuu ndani ya nyumba, na usikandie unga juu ya meza ambayo rangi yake inabambuka.

Kwa usafi wa kawaida, tumia kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni hafifu, kisha ukaushe mara moja. Usiianike juani, kwani mbao zitapasuka.

Wahenga walinena kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Kabla hujaitoa meza hiyo kwa mnunuzi wa mitumba anayebisha mlangoni, waite wanao, ipindueni pamoja na muulize wazee wenu ilitoka wapi. Andika jibu lao kwenye karatasi na uligandishe chini ya droo. Meza inayojulikana asili yake ni vigumu kuinunua kwa bei ya kuni.