Bei ya shaba inaanguka, gitare inabakia

Siku ya kazi, mutu wa shimo anazungumza juu ya kazi. Lori imeharibika, shefu amekasirika, mushahara unachelewa. Siku ya posho anazungumza juu ya franka na deni. Lakini siku ya Mungu, kisha misa na kisha bukari, maneno inageuka. Mumoja anaeleza namna kinga yake ilipasuka mupira katikati ya pori. Mwingine anasifu bowa zenye bibi yake alipata ku njia ya Likasi. Kijana anafungua muziki mu telefone, gitare zinaanza kunguruma, na wazee wanamulalamikia: «Ee mutoto, punguza hizo makelele!»

Wengi wanafikiri maneno ya namna hii ni ya kupitisha saa tu. Sisi tunaona ingine. Mambo yenye wafanyakazi wanafanya siku ya mapumuziko, kama vile kutembea mu pori, kupiga gitare na kubishana nyumbani, ni mali pia. Na hiyo mali haianguke bei wakati shaba inaanguka. Jirani zetu wa Zambia walijifunza vile mbele yetu, na habari yao inafaa kuelezwa mu kila kambi.

Pori inajua shaba mbele ya mashini

Tuanze na pori, sababu njo kwenye mazungumuzo mingi inaanza. Mvua ya kwanza ikinyesha, mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, habari kubwa ni bowa. Zile zenye kutoka ku bichuguu njo zenye kusifiwa zaidi. Mchwa wenyewe wanazilima: wanatafuna miti, wanaipanga ndani ya nyumba yao chini ya udongo, na uyoga inakomea pale. Mvua ikilainisha udongo, bowa inatoboa na kutokea inje. Kuko aina moja, yenye kuonekana huku kwetu na Zambia, yenye kofia yake inaweza kufika upana wa metre moja. Mutoto anaweza kujikinga nayo mvua.

Lakini wa mama wanajua sheria mbili, na tunazirudilia hapa. Ya kwanza: bowa yenye hauijui jina, uiache. Ya pili: usichume bowa wala mboga mahali kwenye moshi wa viwanda vya kuyeyusha shaba ulikuwa unaanguka myaka na myaka. Udongo wa pale umenywa shaba, kobalti na risasi, na uyoga nayo inakunywa.

Kuko jambo lingine lenye baba wa shimo anaweza kuonyesha mutoto wake bila kulipa hata franka moja. Mukipita mu pori ya miombo, mara munaona kilima chenye hakina miti. Nyasi tu, na maua madogo. Mutoto atauliza: nani alikata miti? Hakuna mutu aliikata. Shaba iko karibu juu, na miti mingi haiwezi kuvumilia udongo wa vile. Wazee wetu walisoma hizo vilima zamani sana, wakachimba na kuyeyusha shaba mbele ya Wazungu kufika. Wazungu nao, wakati walikuja kutafuta mawe, walifuata vilima hivyo vyenye upara.

Kati ya hayo maua kuko yenye kuota tu juu ya vilima vya shaba vya upande wetu, hakuna mahali pengine mu dunia. Na sisi njo wenye kuchimba vilima. Vingi vimekwisha kuwa mashimo. Kwa hiyo, baba, kama kilima cha karibu na kwenu kingali kinasimama, peleka mutoto akione. Wewe unakula kwa mawe yake, yeye ajue hata ua lake.

Wenye kuwa na motoka ao rafiki mwenye motoka wanasimulia safari za mbali zaidi. Wanasema juu ya Kundelungu, parke ya taifa tangu 1970, kwenye mutoni Lofoi unaruka kutoka juu ya uwanda na kuanguka chini kwa mara moja zaidi ya metre 300. Muzuri ni kwenda mvua ikikwisha, mwezi wa tano ao wa sita: barabara imekauka kidogo, na maji ingali na nguvu. Mwisho wa wakati wa jua, maji inapunguka sana, na mutu anarudi nyumbani na vumbi tu mu nywele.

Vidole viwili vya Likasi

Mu pori hakuna umeme. Jioni, kando ya moto, gitare yenye kufaa ni ile ya mbao, yenye haihitaji waya. Na kwa gitare hiyo, Katanga haina deni kwa mutu.

Jean-Bosco Mwenda alizaliwa 1930. Alikuwa wa jamaa ya Bayeke, watu wa Bunkeya. Mwaka wa 1952, mu Likasi yenye ilikuwa ingali inaitwa Jadotville, Hugh Tracey, muzungu mwenye kuzunguka Afrika na mashini ya kushika sauti, alimukuta na kuandikisha nyimbo zake. Moja iliitwa «Masanga». Bosco alipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na kile cha pili: gumba linatembeza sauti nzito, kidole cha pili kinacheza juu. Mutu mwenye kusikia tu redio angeapa kama kuko wapigaji wawili.

Ile sauti ilitembea. Ilifika Kenya, na Bosco mwenyewe alienda Nairobi. Wapigaji wa gitare kavu wa kule wanajua deni lao kwake. Mwaka wa 1969 alipiga Marekani, ku sikukuu kubwa ya Newport. Edouard Masengo na Losta Abelo nao walibeba muziki ya Katanga mbali, wakiimba kwa Kiswahili cha watu wa kazi.

Bosco alikufa mwaka wa 1990 mu aksida ya barabara, ku Zambia. Njia yake ya mwisho inatupeleka sasa kwa jirani.

Roki ya upande ingine wa Kasumbalesa

Shaba haijui duane. Mawe yenye kupita Kolwezi, Likasi na Lubumbashi inaendelea mpaka Chililabombwe, Chingola, Mufulira, Kitwe na Luanshya. Watu nao walipita: mu myaka ya kwanza ya Union Minière, wafanyakazi wengi walitoka ile inchi ya jirani kuja kuchimba huku. Mpaka leo, mutu wa Kasumbalesa anaweza kununua chumvi kwa Kiswahili na kugombana kwa Kibemba.

Zambia ilipata uhuru mwaka wa 1964, na shaba ilikuwa inalipa. Mu miji ya shaba kulikuwa mushahara, redio, sinema, na sahani za muziki zenye kutoka Uingereza na Marekani. Vijana walisikiliza Rolling Stones, Jimi Hendrix, James Brown. Mwanzoni mwa myaka ya 1970 walishika gitare za umeme na kufanya yao. Muziki hiyo leo watu wanaiita Zamrock, roki ya Zambia.

Bendi yenye kujulikana zaidi ni WITCH, ya Kitwe. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, alipewa jina la Jagari, kwa kumufuata Mick Jagger wa Rolling Stones. Mu Kitwe pia kulikuwa Amanaz, wenye walitoa sahani «Africa» mwaka wa 1975. Rikki Ililonga na wenzake walijiita Musi-O-Tunya, jina la maporomoko makubwa ya Zambezi: moshi wenye kunguruma. Walipiga na kuandikisha sauti mpaka Nairobi. Paul Ngozi naye aliimba mambo ya nyumbani: ndoa, umasikini, ugomvi wa kila siku.

Sauti yao ilikuwa namna gani? Gitare inapita mu kasanduku kadogo kenye kukwaruza sauti, na inatoka sawa mashini ya kutoboa mawe. Ngoma inapiga chini, na mwimbaji anaimba mara kwa Kingereza, mara kwa luga ya nyumbani. Mutu wa shimo akisikia, hawezi kusema ni kitu cha kigeni. Ni makelele yenye anaijua, lakini mara hii iko na nota. Prezida Kaunda naye alisaidia: alitaka redio ipige karibu muziki ya Zambia tu, asilimia 95.

Kisha bei ilianguka. Mwaka wa 1973 petroli ilipanda. 1974 na 1975 shaba ilishuka sana ku soko ya dunia. Sisi huku tunajua hiyo myaka, sababu Gécamines iliuza ku soko ileile. Zambia, yenye ilikuwa inaishi karibu kwa shaba tu, ilikauka. Mutu mwenye hana franka ya unga hanunui sahani ya muziki. Gitare ikikatika waya, waya mupya hauonekane. Myaka ya 1980, watu walitaka disko. Kisha sida ikaja, ikabeba wengi wa wale wapigaji wangali vijana. Jagari mwenyewe aliacha bendi, akafundisha, na baadaye akaingia mu kazi yenye sisi tunaijua vizuri: kuchimba mawe ya bei, kwa matumaini ya kupata jiwe kubwa.

Habari ingeweza kukwisha pale. Lakini sahani chache zilikuwa zimebakia mu masanduku ya watu. Kisha 2010, kampani ya Marekani ilizitoa tena, na vijana wa Ulaya na Marekani wakazipenda. Muchimbaji akarudia kuwa mwimbaji. Mwaka wa 2023, WITCH ilitoa sahani mupya, «Zango», kisha myaka karibu makumi ine ya kunyamaza.

Angalieni muzuri: shaba yenye ilichimbwa Kitwe mwaka wa 1975 iliuzwa na kusahauliwa. Makelele ya vijana wa mwaka uleule ingali inalipa.

Na nyumbani je?

Sasa tufike kwenye ubishi wenyewe. Mutoto wa myaka kumi na ine anaomba gitare. Baba anasema gitare ni ya wavivu na walevi. Mama anajibu kama afazali mutoto abebe gitare kuliko abebe mufuko wa mawe ku karieri. Wote wawili wako na sababu. Baba ameona wapigaji wenye walikufa bila nyumba. Mama ameona watoto wenye waliingia mu shimo na hawakutoka.

Sisi tuko upande wa mama, lakini na masharti ya baba. Masomo kwanza, gitare haifukuze kalamu. Gitare moja inaweza kutumika na watoto watatu ao ine wa avenue moja, na wazazi wakagawana bei. Ianze ile ya mbao: umeme ukikatika, na tunajua namna unakatika, yeye anaendelea. Na kuwe saa. Jirani mwenye anatoka ekipe ya usiku analala mchana. Mutu mwenye hakulala na anashika mashini kesho ni hatari kwa wenzake wote. Asubui, kimya. Saa kumi ya jioni, kila mutu apige yenye anapenda, hata roki.

Na muwalimu atatoka wapi? Mu kambi zetu kungali wazee wenye walijifunza kupiga kwa kidole gumba na kile cha pili, kwa kuangalia wenye walimuangalia Bosco. Hawaandikwe mu kitabu. Nyimbo zao haziko ku sahani. Wakienda, zinaenda nao, na hakuna kampani ya Marekani yenye itazikuta mu sanduku.

Basi tunaomba jambo moja. Kama muko na muzee wa namna hiyo, mumupatie kiti siku ya Mungu yenye inakuja. Mumuombe apige, hata kama vidole vinatetemeka. Kijana ashike ileile telefone ya makelele, aandikishe, kisha aseme juu yake jina la muzee, jina la wimbo, mahali alijifunza na mwaka gani. Kazi hiyo inaomba dakika kumi tu.