Chombo Kilichozama na Kurudi

Katika mji wa Tacoma, upande wa magharibi wa Marekani, mafundi waliunda chombo cha mbao mwaka 1937, urefu wake futi 77, wakakiita Western Flyer. Kazi yake ilikuwa kuvua dagaa wa Monterey kwa wavu mkubwa wa kuzungusha. Mwaka 1940 mwandishi John Steinbeck na rafiki yake Ed Ricketts, mjuzi wa viumbe vya bahari, walikikodi majuma sita, wakaenda Ghuba ya California kukusanya kaa na konokono. Mwaka uliofuata wakatoa kitabu cha safari ile.

Baadaye dagaa wakaadimika. Chombo kikauzwa, kikapita mikononi mwa wengi, kikavua huko na huko hata Alaska. Jina lake nalo likaondolewa, kikaitwa Gemini. Basi wasomaji wa kile kitabu hawakujua kiko wapi. Mwaka 2012 kikazama karibu na Anacortes. Kikainuliwa, kikazama tena mwaka 2013, kikakaa majini miezi kadhaa, matope yakakijaa. Wengi wangalikipasua kuni.

Lakini John Gregg, mjuzi wa miamba, alikinunua mwaka 2015. Mafundi wa Port Townsend wakang'oa mbao zilizooza, nazo zilikuwa nyingi mno, wakatia mpya. Mwaka 2023 kikarudi Monterey na jina lake la kwanza, si kuvua tena, bali kufundishia wanafunzi habari za bahari.