Mwamuzi Hapimwi kwa Mikono Aliyoinua

Kila msimu wa mashindano ya kuogelea unapokaribia, huletewa swali lile lile na walezi wa waamuzi wapya, baadhi yao wakiwa watu wa makamo waliokwisha simama kandoni mwa mabwawa kwa miaka mingi na ambao ningalitaraji waniulize jambo lenye uzito zaidi: kwamba mwanagenzi fulani amekaa zamu nzima ya asubuhi penye ukuta wa kugeukia, amevaa meupe yake, ameinama kila mwogeleaji alipofika, wala hakuinua mkono kuashiria kosa hata mara moja, je, ataiweza kazi hii, au macho yake ni dhaifu? Nimelijibu kwa upole kadiri ya subira niliyojaaliwa, na sasa nalijibu kwa maandishi, ili anayetaka kuniuliza tena anisome kwanza.

Swali hilo limesimama juu ya dhana kwamba thamani ya mwamuzi huhesabiwa kwa idadi ya waogeleaji aliowaengua, na dhana hiyo imezaa tiba iliyo mbaya kuliko maradhi yenyewe: mlezi humsogelea mwanagenzi, akamnong'oneza, "Mtazame yule wa njia ya nne, hugusa kwa mkono mmoja," kisha akangoja mkono uinuke, na unapoinuka humpa hongera kana kwamba amefuzu. Upuuzi mtupu. Mwanagenzi aliyekabidhiwa njia tatu, akikaza macho kwenye moja kwa sababu ya mnong'ono, amewaacha waogeleaji wawili bila ya mwamuzi, na yule wa tatu amekwisha hukumiwa kabla hajatia mguu majini. Insafu katika mchezo huu ni kila njia kupata fungu lake sawasawa la macho, ya bingwa na ya mtoto anayeshindana kwa mara ya kwanza, na mlezi anayelivunja fungu hilo kwa makusudi ndiye anayestahili kuitwa pembeni.

Tulitazame jambo lenyewe kwa karibu. Binti wa miaka kumi na mmoja anafika ukutani kwa mtindo wa kipepeo. Amechoka, bega lake la kushoto limezama, maji yanaruka, na mkono wa kulia unaonekana wazi ukigusa. Mwanagenzi aliyefunzwa kusaka makosa huinua mkono papo hapo, na akiulizwa ameona nini, hujibu kwamba mkono wa kushoto haukugusa. Hakuona hivyo. Alichokiona ni bega, mkono aliukisia. Kanuni hutaka mikono miwili, iliyoachana, iguse kwa wakati mmoja, iwe juu ya maji, kwenye uso wake au chini yake, wala haisemi popote kwamba iwe kimo kimoja. Kwa hiyo mkono wa kushoto uliogusa shubiri nzima chini ya maji ni mguso halali kabisa, na mwamuzi ambaye povu limemziba asiuone hana ushahidi wa kwamba ulikosekana. Shaka hiyo ni mali ya mwogeleaji, si ya mwamuzi.

Wanaoyasifu macho makali, na wawakumbuke waamuzi wa Olimpiki ya Rome, mwaka 1960, katika fainali ya mita 100 za mtindo huru kwa wanaume: saa za kupimia muda zilizoshikwa mkononi zilimweka mbele Lance Larson wa Marekani, macho ya waamuzi wa ukuta yakagawanyika, na dhahabu akapewa John Devitt wa Australia. Hao hawakuwa wanagenzi. Walikuwa watu wazoefu waliochaguliwa kwa kazi hiyo, na bado walitofautiana juu ya jambo lililotokea mbele ya pua zao.

Tena, hata aliyeona kwa yakini hajamaliza kazi. Athens, mwaka 2004, Aaron Peirsol wa Marekani alishinda mita 200 za mgongo, akaenguliwa kwa tuhuma ya kukosea katika kugeuka, na dhahabu ikaelekea kwa Markus Rogan wa Austria. Muda mfupi baadaye hukumu ilitenguliwa, kwa maelezo ya shirikisho la dunia kwamba taarifa ya mwamuzi haikujitosheleza wala haikuandikwa kwa lugha ya kazi ya shirikisho. Rufaa za wapinzani hazikufua dafu. Macho ya mwamuzi yule hayakupata hata nafasi ya kujitetea, kwani kalamu yake ilikwisha yaangusha. Na mimi nawaona walezi wengi wakitumia saa nzima kumwonyesha mwanagenzi pa kusimama, na dakika moja tu, tena ya mwisho, kumwonyesha jinsi ya kuijaza karatasi.

Sikatai kwamba wapo waoga, hususan katika mashindano ya vilabu vyetu, ambako waamuzi wapya aghalabu ni wazazi na walimu, na ambako anayeenguliwa huenda akawa mtoto wa jirani. Lakini mwoga hatambuliwi kwa kuhesabu mikono. Mwambie akusimulie mbio zilizokwisha sasa hivi, njia baada ya njia: aliyekuwa akitazama atasimulia, na aliyekuwa akiogopa atasema kwamba wote walikwenda vizuri.

La kufanya si jingi. Mwanzo mpe mwanagenzi saa ashike muda, azoee filimbi na mpangilio wa mbio. Kisha asimame nawe bila ya mamlaka, akueleze kwa sauti ya chini anachokiona, nawe unyamaze. Mfunze mipaka ya ukuta wake: tangu mvuto wa mwisho wa mkono kabla ya kugusa hadi mvuto wa kwanza baada ya kugeuka ukamilike, na katika mtindo wa kifua hadi wa pili; yaliyo nje ya hapo yana mwenyewe. Asipangiwe njia ya mwanawe. Akiinua mkono, muulize alikuwa wapi, aliona nini, kanuni ipi. Akisitasita katika moja tu, liache jambo, wala usimkaripie mbele ya watu. Mwandikishe karatasi za mazoezi hata pasipo kosa. Mpumzishe, mpe maji na kofia, maana jua la saa saba huharibu macho kuliko uzee.

Nanyi viongozi wa vyama, ikiwa karatasi zenu za kuwatathmini wanagenzi zina safu ya idadi ya walioenguliwa, ifuteni kabla ya msimu kuanza, na mahali pake muweke nafasi ya mlezi kuandika maneno ambayo mwanagenzi alitumia kueleza alichokiona.