Kutoka Taaluma hadi Uongozi: Funzo la Othaya
Utaalamu na uongozi ni kazi mbili tofauti. Mwai Kibaki, mzaliwa wa Gatuyaini, Othaya, alihitimu uchumi Makerere mwaka 1955, akasoma London, kisha akarudi Makerere kufundisha. Mwaka 1960 aliacha uhadhiri, akawa afisa mtendaji wa KANU. Aliiwakilisha Othaya bungeni tangu 1974 hadi 2013, na kuwa Rais tangu 2002. Ukuaji wa uchumi ulipanda kutoka chini ya asilimia 1 mwaka 2002 hadi karibu asilimia 7 mwaka 2007. Hata hivyo, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwaka huo yalidhihirisha kuwa takwimu pekee haziunganishi taifa. Basi mhandisi au mhasibu anayepanga mustakabali wake na ajifunze kusikiliza na kupatanisha kabla hajakabidhiwa wadhifa.