Kuro wa Moyowosi hatambuliwi kwa pembe

TANGU mwaka 2020, kanuni za kuuza nyamapori zimewaruhusu Watanzania kufungua bucha za nyama hiyo kwa leseni, badala ya kuinunua gizani kama wengi walivyozoea. Kwa wananchi wa Kibondo na Kasulu, ambao vilima vyao hutelemkia kwenye mabwawa ya Moyowosi na Malagarasi, hiyo ni biashara iliyo karibu na nyumbani. Ina sharti moja ambalo wengi hulichukulia juu juu. Kibali cha uwindaji hutaja mnyama kwa jina, na ada hulipwa kwa jina hilo. Aliyelipia tohe akaangusha kuro hana kibali, hata kama karatasi anayo mfukoni.

Tatizo huanzia kwenye lugha ya mtaani. Sokoni, karibu kila mnyama wa porini mwenye kwato na pembe huitwa swala au paa, na kwa mlaji wa mchuzi hilo halina madhara. Mbele ya askari wa wanyamapori mambo hubadilika. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, nyama, ngozi na pembe ni nyara za serikali, na asiye na hati sahihi hushtakiwa. Mahakama nchini zimekuwa zikitoa vifungo vya miaka 20 kwa watu waliokutwa na nyara hizo.

Kuro ndiye mfano mzuri wa kuanza nao. Ni mnyama mkubwa, dume lake huweza kufikisha kilo 200 hadi 260, na hapendi kukaa mbali na maji. Dume tu ndilo lenye pembe, zenye mikunjo kama pete, zikipinda kwenda nyuma na ncha zake kurudi mbele. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kumtazama kichwani. Kuro wako wa aina mbili katika Afrika Mashariki, na pembe zao hazitofautiani kiasi cha kumsaidia mwindaji. Tofauti iko nyuma, chini ya mkia.

Kuro wa upande wa mashariki wa Bonde la Ufa, ambaye hupatikana hadi Afrika Kusini, ana duara jeupe linalozunguka makalio, mfano wa mtu aliyekalia kigoda kibichi cha rangi. Katikati ya duara manyoya ni ya rangi ileile ya mwili. Kuro wa magharibi, ambaye wataalamu humwita defassa, hana duara. Ana baka jeupe lililojaa, na mwili wake mara nyingi una wekundu zaidi. Kuro wa Moyowosi ni huyu wa pili, sawa na wale wa Uganda na Rwanda.

Mahali aina hizi zinapokutana huzaliana. Chotara wanajulikana vizuri katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi nchini Kenya, na makalio yao huonyesha mchanganyiko: duara lililovimba kwa ndani, au baka lenye doa jeusi katikati, au upande mmoja hivi na mwingine vile. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kuwa kuro wa mashariki ana kromosomu 50 hadi 52, wa magharibi 53 au 54. Pamoja na tofauti hiyo bado wanazaa, ndiyo maana wataalamu wengi huwahesabu kuwa ni mnyama mmoja mwenye sura mbili.

Je, haya yanamhusu nini mwenye bucha wa Kasulu? Yanamhusu pale anapoletewa mzigo wenye hati inayosema mnyama ametoka Moyowosi. Ikiwa ngozi ina duara badala ya baka, mnyama huyo hakuishi katika mabwawa hayo. Pengine hati ni ya mnyama mwingine. Mfanyabiashara makini hapokei mzigo huo, hata bei ikiwa ya kuvutia.

Yanawahusu pia vijana wanaotafuta kazi ya kufuata nyayo katika kambi za uwindaji wa kitalii. Wageni wengi huwinda wakifikiria vitabu vya kumbukumbu za pembe, na vitabu hivyo huorodhesha kuro wa duara na kuro wa baka mbalimbali. Mzozo kama huo upo Marekani, kwa wale wanyama wenye pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka. Wenye mkia mweusi wa pwani ya Pasifiki na ndugu zao wakubwa wenye masikio kama ya nyumbu wa kufugwa huzaliana kwenye milima ya Cascade, na watunza kumbukumbu wamelazimika kuchora mpaka kwenye ramani ili chotara wasiingizwe upande wenye wanyama wadogo na kuwashinda. Kijana anayeweza kusema kwa hakika, akiwa mbali, ni mnyama gani amesimama kwenye matete, ana ujuzi unaouzika.

Katika mabwawa hayo, ambayo pamoja na maeneo yake yaliingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya ardhioevu ya Mkataba wa Ramsar yakiwa na hekta 3,250,000, kuna jozi nyingine inayoponza watu: pongo na nzohe. Wote wana pembe za kujisokota, kwa dume tu, na wote wana madoa na mistari myeupe. Mwanga wa alfajiri ukiwa hafifu, dume changa la nzohe hufanana kabisa na pongo mkubwa. Aliyeona nyayo hakosei. Kwato za nzohe ni ndefu na hupanuka, zimeumbwa kukanyaga tope na mafunjo bila kuzama, na nchi kavu humfanya atembee kwa shida. Pongo ana kwato fupi na hukaa vichakani.

Konzi na nyamera hawana ugumu huo. Nyamera ana mabaka ya zambarau iliyokolea mapajani na mabegani, na uso mweusi. Konzi ni wa rangi ya udongo mkavu, uso mrefu, pembe zilizopinda kuelekeana.

Aidha, sheria inakataza kuwinda wanyama wachanga, majike yenye mimba na majike yanayofuatana na watoto. Kwa kuro, pongo na nzohe kukosekana kwa pembe ni onyo la kutosha. Kwa konzi na nyamera si hivyo, kwa kuwa majike nao wana pembe. Hapo lazima kundi litazamwe kwa muda kabla ya bunduki kuinuliwa.

Mnyama akishachunwa, alama karibu zote hupotea. Kwa hiyo mnunuzi hufanya vema kufika mahali mnyama anapokaguliwa, aone kichwa, ngozi na kwato, na alinganishe na hati kabla nyama haijakatwa. Nyama iliyokaushwa kwa moshi haina tena cha kuonyesha, na hapo karatasi pekee ndiyo shahidi. Kuro hubaki na alama moja ya ziada: ngozi yake hutoa mafuta yenye harufu kali, na mchunaji akigusa ngozi kisha minofu kwa mkono uleule, wateja wataijua tangu sufuria haijachemka.